Hema ya kujaza hewa: inafaa familia yenye gari huku Kivu, ao ni ya majani ya Ulaya tu?

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wakati volkano Nyiragongo ilitapika, wenye gari katika mji wa Goma walikuwa sawa na wenye miguu: walitoka bila kujua watalala wapi. Siku tano kisha, tarehe 27 Mei, viongozi waliomba wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za mji wahame, na barabara ya Sake ikajaa. Magari yalibeba magodoro, bidoni za maji, sufuria, mifuko ya unga, na watoto juu ya vyote. Hema ilikuwa kitu cha nadra.

Tangu pale, kila mara ardhi inapotetemeka ao vita inaposogea, swali linarudi kwa wale walio na uwezo kidogo ao walio na ndugu Ulaya: je, familia iwe na hema yake tayari nyumbani? Na sasa kwenye simu zinapita video za hema moja ya ajabu. Mutu anaitandika chini, anachomeka pompi, anasukuma dakika chache, na nyumba ya kitambaa inasimama yenyewe bila chuma hata kimoja. Inapendeza kweli kuangalia. Lakini ile video ilichukuliwa juu ya majani laini, chini ya jua, na baba mwenye kupompa hakuwa na haraka yoyote.

Mbele ya kutuma pesa, ao mbele ya kumwambia ndugu aipakie kwenye kontena, inafaa kuelewa hema hii inasimama na nini, na ni wapi inaweza kumwacha mwenyewe.

Mirija pahali pa vyuma

Hema ya kawaida inasimama juu ya vyuma ao fimbo za plastiki ngumu. Hema ya kujaza hewa inasimama juu ya mirija minene iliyopinda kama upinde wa mlango wa kanisa. Kila mrija una sehemu mbili. Ndani kuko mfuko wa plastiki unaoshika hewa, sawa na mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli. Inje kuko mfuko wa kitambaa kigumu ambao unauzuia usivimbe kupita kipimo. Ile ya ndani inashika hewa, ile ya inje inashika nguvu. Ukielewa hiyo, umeelewa karibu kila kitu juu ya shida zake na matengenezo yake.

Makampuni yanayojulikana Ulaya kwa mahema haya ni kama Quechua ya Ufaransa, Vango ya Uingereza na Outwell ya Denmark. Yanatengenezwa kwa familia ambazo wakati wa likizo zinaenda na gari mpaka kwenye uwanja uliotayarishwa, wenye majani, maji na choo, na zinasimamisha hema kando ya gari. Ndiyo maana watengenezaji hawakuhangaika sana na uzito. Hema ya watu wane mpaka sita, pamoja na pompi yake, inaweza kufika kilo 20 na zaidi. Mwenye gari haioni ile kilo. Mwenye kubeba mtoto mgongoni na kutembea kutoka Kibumba mpaka Goma ataiona vizuri. Kwa hiyo neno la kwanza liko wazi: kama familia haina gari, ao gari haina hakika ya kuwaka siku ya kukimbia, hema hii haiko ya kwao. Bashi mbili nzuri na kamba zitawasaidia zaidi.

Pompi ni nusu ya hema

Ndani ya mirija hakuendi hewa nyingi kama watu wanavyofikiri. Mahema mengi ya familia yanaomba karibu nusu ya bar, ile ambayo kwenye vipimo vya Waingereza inaandikwa 7 psi hivi. Tairi ya gari ndogo inaomba bar 2 mpaka 2 na nusu. Maana yake, tairi inashika mara nne ao tano zaidi.

Hapa ndipo watu wanaharibu. Mutu anaona hema imelegea kidogo, anaipeleka kwa fundi wa tairi ao kwenye stasio ya esanse, wanaingiza hewa ya kompresa kubwa, na kwa nukta chache mrija unapasuka pahali pa mshono. Kompresa ile haikutengenezwa kwa kazi hii. Na ile pompi ndogo inayochomekwa kwenye sigara-laita ya gari, ya kujaza tairi njiani, iko na shida ya kinyume: inatoa nguvu nyingi lakini hewa kidogo kidogo. Inaweza kukaa muda mrefu juu ya mrija mmoja, inapata moto, na betri ya gari inashuka. Mwenye kuitumia asiwashe mashini ya gari huku bomba la moshi likiangalia mlango wa hema, kwa sababu ile gesi ya moshi inaingia ndani na haitoki mbio.

Pompi inayofaa ni ile ya mkono iliyokuja na hema yenyewe, ndefu, ya kusukuma na kuvuta, yenye kisaa kidogo cha kuonyesha nguvu ya hewa. Haiombi betri wala esanse. Mutu mzima mmoja anaweza kusimamisha hema ya familia kwa dakika kumi hivi, akitoka jasho. Lakini mdomo wa pompi hiyo unaingia kwenye valvu pana, ya namna ya mashua za kupuliza. Pompi ya baiskeli ao ya pikipiki haiingii pale. Ikipotea, ikivunjika, ao mtoto akipoteza kile kipande cha mbele, hema inabaki gunia la kitambaa. Fimbo ya chuma ikivunjika, fundi wa kusudia anaiunga Birere asubuhi hiyo hiyo, ao mutu anakata mti wa mkaratusi na kazi inaendelea. Pompi haina mbadala wa mbio namna hiyo. Kwa hiyo anayetaka hema hii aombe pompi mbili, ao angalau midomo ya pompi ya ziada, na avifunge ndani ya mfuko wa hema kwa kamba visitengane nayo.

Jua nalo linaingia katika hesabu. Hewa ikipata moto inatanuka. Tuseme familia imejaza mirija asubuhi mapema, baridi ya nyuzi 15, mpaka nusu ya bar. Saa saba ya mchana hewa ya ndani ikifika nyuzi 35, nguvu inapanda kufika karibu 0.6 bar. Juu ya kitambaa cheusi kilichoachwa wazi kwenye jua, inapanda kupita pale. Mahema ya bei nzuri yako na valvu inayoachilia hewa ya ziada yenyewe. Yale ya bei ya chini mara nyingi hayana. Mwenye nayo aachie hewa kidogo mchana, kisha aongeze magaribi, kwa sababu usiku hewa inajikunja na hema inalegea. Wengi wanaamka usiku wanaona paa imeshuka wanafikiri imetoboka, kumbe ni baridi tu.

Jambo la mwisho juu ya hewa: kuko mahema yenye valvu moja inayojaza mirija yote, na kuko yenye valvu moja kwa kila mrija. Ile ya valvu moja inauzwa kama raha. Lakini kama mirija yote imeungana bila kifungio katikati, tundu moja linaangusha nyumba nzima saa tisa ya usiku. Kila mrija ukiwa na valvu yake, ao ukiwa na kifungio chake, mmoja ukilegea mingine inaendelea kushika. Kwa familia yenye watoto, raha ya kujaza pahali pamoja haina bei hiyo.

Makoro hayapokei kigingi

Mahema ya Ulaya yanakuja na mfuko wa vigingi vya chuma vyembamba. Vinapigwa kwenye udongo laini, kamba zinavutwa, kazi imekwisha. Lakini Goma na Nyiragongo zimejengwa juu ya makoro, mawe ya volkano. Wale waliofika Kanyaruchinya, Bulengo ao Lushagala katika miaka ya 2022 mpaka 2024 wanajua: kigingi kinajipinda kama msumari juu ya reli.

Hapo umbo la hema ndilo linaamua. Kuko hema ndefu ya namna ya tanuru ao mtaro, mirija yake imesimama sambamba, moja nyuma ya ingine. Hiyo haisimami bila kuvutwa mbele na nyuma kwa vigingi. Ukikosa pa kupiga vigingi, inalala chini kama mlevi hata mirija ikiwa imejaa. Kuko na ile ambayo mirija yake inakingamana juu, kama mikono ya kikapu. Hiyo inasimama yenyewe hata juu ya simenti. Kwa Goma, Nyiragongo na sehemu zote za makoro, ni hii ya pili tu inafaa kuangaliwa. Kwenye picha ya duka tofauti inaonekana mbio: mtu aangalie kama mirija inapishana juu ya paa.

Lakini kusimama siyo kushikwa. Upepo wa ziwa unaweza kuibeba hema iliyo wazi, hata ikiwa na kilo 20. Pahali pa vigingi, watu wajaze magunia kwa mchanga ao mawe madogo na wafunge kamba za hema juu ya magunia. Kamba ikifungwa moja kwa moja juu ya koro, inakatwa: jiwe lile lina meno, na hema inacheza usiku kucha. Wengine wanafunga kamba kwenye gurudumu la gari. Inashika vizuri sana, mpaka asubuhi mmoja wa nyumba anawasha gari kwenda kutafuta maji bila kukumbuka.

Na chini? Hii ndiyo sehemu ambayo duka haliisemi. Sakafu ya hema ni plastiki nyembamba ao polyester iliyopakwa. Juu ya makoro inatoboka siku ya kwanza watoto wanaporuka. Mrija wa hewa nao unagusa chini kwenye miguu yake, na pale ndipo unapokwaruzwa. Inaomba kwanza kuokota mawe makali, kisha kumwaga udongo ao mchanga mweusi wa volkano, kuweka majani makavu ya migomba kama yanapatikana, kisha bashi ya zamani, ndipo hema. Ile bashi ya chini isitoke inje ya hema hata kidogo. Ikitoka, inapokea mvua kama sahani na kuipeleka chini ya godoro. Kingo zake zikunjwe ziingie ndani.

Sehemu nyingine za mashariki hazina shida hii. Butembo, Beni, Bunia, Walungu, udongo unapokea kigingi bila shida, ila ukilowa unakilegeza. Pale vigingi virefu na vipana ni bora kuliko vile vyembamba vya kiwandani, na fundi yeyote wa vyuma anaweza kuvikata.

Mvua inapimwa kwa milimita

Kwenye karatasi ya hema kunaandikwa namba kama 1,500, 3,000 ao 5,000 mm. Hiyo ni urefu wa maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba juu yake mbele ya kuanza kupitisha. Kitambaa cha 3,000 kinashika chini ya maji yenye kimo cha mita 3. Kwa mvua ya Kivu ya Oktoba ao ya Aprili, inayopiga masaa bila kuchoka, 1,500 kwa paa ni kidogo. 3,000 inafaa. Kwa sakafu inaomba zaidi, 5,000 ao hata 10,000, kwa sababu mutu anapopiga goti ao kulala anayasukuma maji ya chini yapite.

Namba hiyo lakini ni ya kitambaa tu. Maji mengi yanaingia kwenye mishono. Mishono ya ndani inapashwa kuwa imefunikwa na utepe uliobandikwa kwa moto. Mnunuzi apitishe kidole ndani ya paa: utepe ukiwa umeanza kubanduka kwenye hema ya zamani, mvua ya kwanza itapita pale. Sakafu iwe imeshonwa pamoja na kuta za chumba cha kulala, ipande juu kama beseni. Maji yanayotiririka chini hayaingii, na nyoka na siafu pia wanakosa mlango. Neti ya milango na madirisha iangaliwe shimo kwa shimo. Malaria haijali kama mutu analala hemani kwa siku mbili tu.

Kuko na unyevu unaotoka kwa watu wenyewe. Familia ya watu saba wakilala ndani ya plastiki iliyofungwa, pumzi yao inakuwa maji juu ya paa na kudondoka asubuhi. Hiyo siyo kutoboka. Hema nzuri iko na tabaka mbili, ya ndani inayopitisha hewa na ya inje inayozuia mvua, na matundu ya juu ambayo hayafungwi hata kwa baridi.

"Watu sita" maana yake nini

Ulaya, hema ya watu sita inahesabu sentimita 60 kwa kila mlalaji. Sita mara sitini ni mita 3 na sentimita 60, na urefu wa mita 2 hivi. Jumla haifiki mita za mraba 8, pasipo mifuko, pasipo sufuria, pasipo bidoni. Mashirika ya misaada yana kipimo kingine: mita za mraba 3 na nusu kwa kila mutu. Ndiyo sababu hema ya familia ya HCR, yenye chumba cha mita za mraba 16, inahesabiwa kwa watu watano hata kama machoni inaonekana kubwa.

Kwa siku mbili ao tatu, watoto wakilala pamoja, familia ya saba inaweza kuingia katika hema iliyoandikwa nane. Kwa juma zima la mvua haitoshi, na wazazi ndio watalala ndani ya gari. Kusema kweli, hiyo si mbaya: mpango wa kulala wenye watu wawili ndani ya gari unaruhusu kununua hema ndogo zaidi, nyepesi zaidi, na inayojazwa mbio.

Ikitoboka

Wengi wanaogopa hema ya hewa kwa sababu ya tundu. Woga huo una sababu, lakini huku Kivu kila kona ya barabara iko na fundi anayejua kutafuta tundu ndani ya beseni la maji. Namna ni ile ile. Mfuko wa inje wa mrija una zipu, ile tirete ndefu. Inafunguliwa, mpira wa ndani unatolewa, unajazwa kidogo, unapakwa maji ya sabuni, na povu linaonyesha pahali. Inakaushwa vizuri, inapanguswa, kiraka kinabandikwa, inangojewa.

Fundi ana ujuzi wa kutafuta. Vifaa vyake ndivyo havifai. Mpira wa ndani wa mahema haya ni plastiki, siyo kauchu. Gundi ya tairi haiushiki, inabanduka kesho yake. Na wale wanaopika kiraka kwa moto watauyeyusha kabisa. Lazima viraka na gundi za hema yenyewe, zinazouzwa pamoja nayo ao kando. Mwenye kuletewa hema kutoka mbali aombe mrija mmoja mzima wa ziada. Huo hauna uzito mkubwa na unaokoa hema yote.

Kwa sasa, mrija ukikosa dawa, paa inaweza kuinuliwa kwa fimbo ndefu kutoka ndani, ncha yake ikifungwa nguo kusudi isitoboe. Haipendezi, lakini watoto hawalowi.

Tena, kujaza hewa siyo mchezo wa watalii tu. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 8 Oktoba 2005 huko Pakistan, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilisimamisha hospitali ya mahema ya hewa katika mji wa Mansehra. Mwaka 2010 likafanya hivyo tena Port-au-Prince, Haiti, na wagonjwa wakapasuliwa ndani yake. Ila wale walikuwa na jenereta, mafundi, na ghala la vipuri. Familia iko na baba, mama na pompi moja. Hema ya HCR nayo, yenye uzito wa zaidi ya kilo 50, ilifikiriwa kukaa mwaka mzima kwenye jua na mvua. Hema ya likizo ilifikiriwa kwa juma chache kila mwaka. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na jua la kimo hicho linakula kitambaa cha polyester mpaka kinapasuka kama karatasi. Anayefikiri kukaa miezi aweke bashi ya mita 4 kwa 5 ao 4 kwa 6 juu ya hema, isiigusane nayo, ao aache hema hii na kujenga kibanda cha miti na bashi.

Hema nzuri pahali pabaya

Hakuna hema inayosahihisha pahali pabaya. Magharibi ya Goma, sehemu za Bulengo, Mugunga, Kyeshero na karibu na Ziwa la Kijani, kuko mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, bila rangi. Inajikusanya kwenye mabonde madogo na mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mutu aliyesimama anaweza kupita bila kujua, na mtoto aliyelala chini pale pale akakosa pumzi. Kitambaa cha hema hakiizuii, na sakafu ya hema ndiyo chini kuliko yote. Kwa hiyo lile bonde dogo linalopendeza kwa sababu upepo hauingii ndilo la kukimbia. Panya, ndege ao wadudu waliokufa bila sababu ni alama. Mgeni aulize wakaaji wa pale mbele ya kushusha mizigo, nao OVG, watu wa uchunguzi wa volkano Goma, wanajua sehemu hizo.

Kando ya mito ni vilevile. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, maji yalishuka kutoka milimani na kuua watu zaidi ya 400. Udongo laini na tambarare karibu na mto unaita hema, na ndio maji yanapitia.

Radi nayo: wanasayansi walipohesabu radi za dunia kwa satelaiti, Kabare ya Kivu Kusini ilikuwa kati ya sehemu zinazopigwa kuliko zote. Hema, iwe ya hewa ao ya chuma, haikingi radi. Gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa linakinga. Ngurumo ikikaribia, watoto wote waingie garini, usiku ao mchana, na wasubiri humo mpaka inyamaze. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuweka hema karibu na gari na kutojaza viti mizigo mpaka juu.

Na mbabula. Baridi ya usiku Masisi ao Lubero inasukuma watu kuingiza mbabula yenye makala mekundu ndani na kufunga zipu. Makala yasiyo na moshi yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na hema ya plastiki yenye sakafu iliyoshonwa inaifunga ndani kuliko nyumba ya mbao. Pia polyester haiwaki polepole: inayeyuka na kudondoka juu ya ngozi. Kupika kufanyike inje, mita kadhaa mbali, na mbabula isiingie hata ikionekana imezimika. Kwa baridi, blanketi moja chini ya mutu inasaidia zaidi kuliko mbili juu yake, kwa sababu baridi ya usiku inapanda kutoka ardhini.

Kuijaribu parseli nyumbani

Hema iliyofika kutoka Ulaya, mpya ao ya mtumba, haifai kuwekwa chini ya kitanda ikingoja siku ya shida. Isimamishwe kwanza ndani ya parseli. Mirija ijazwe magaribi mpaka kipimo kilichoandikwa karibu na valvu, na iangaliwe asubuhi: kulegea kidogo ni baridi, kulala chini ni tundu ao valvu isiyofunga vizuri. Valvu ikiwa na mchanga ndani, inatosha kuifungua na kuipangusa. Kisha bidoni kadhaa za maji zimwagwe juu ya paa polepole, huku mmoja akiwa ndani na tochi.

Kwa hema ya mtumba, iliyouzwa na mutu asiyejulikana, mambo matatu yanatosha kuikataa: harufu ya uvundo, maana ilikunjwa ikiwa na maji, kitambaa kinachopasuka kikivutwa kwa vidole viwili, na kukosa pompi, hata muuzaji akiapa kwamba pompi yoyote itaingia.

Wote wa nyumba wafanye jaribio mara mbili, mara ya pili wakiwa gizani, na mama aweze kuisimamisha bila baba. Siku ya kukimbia hakuna anayejua nani atakuwa nyumbani. Wakati wa kuikunja, valvu zote zifunguliwe, hema ikunjwe kuelekea kwenye valvu kusudi hewa yote itoke, la sivyo haitarudi ndani ya mfuko wake. Ikikunjwa na maji kwa sababu ya haraka, ifunguliwe na kuanikwa kabla siku mbili hazijapita, kivulini, juu ya kamba ya nguo ao ua la nyumba.

Na panya wanapenda sana ile plastiki ya mirija. Mfuko utundikwe juu, mbali na unga.